Kirusi cha Newala kina herufi 12,000

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni Bibi Maabara, mtaalamu wa maabara mstaafu, mkazi wa Newala.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima wa Kitangari. Mwezi uliopita niliugua homa kali, vifundo vikakaza hata nikashindwa kushika mpini wa jembe. Zahanati wakanipima malaria, hamna. Wakasema huenda ni chikungunya, ni virusi, ninywe maji na dawa ya maumivu. Mwaka jana bwana shamba naye aliniambia muhogo wangu una virusi. Kuku wangu waliisha kwa mdondo, nikaambiwa virusi tena. Mwanangu yuko kidato cha tatu, anasema kirusi si kiumbe hai. Sasa kirusi ni kitu gani hasa? Na hivi vilivyoingia mwilini mwangu, shambani na bandani, ni vile vile?
Mama wa watoto wanne, Kitangari

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Homa ya chikungunya huondoka baada ya siku chache, lakini vifundo vinaweza kuuma majuma mengi, kwa wengine hata miezi. Jembe lipumzishe. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Hiyo ya maumivu uliyopewa ndiyo tiba, ila usijiongezee aspirini mpaka wahakikishe si homa ya dengi, maana dengi huweza kumtoa mtu damu.

Barua yako imenirudisha kwenye kiti changu cha kazi. Miaka thelathini na mmoja nilikaa mbele ya hadubini nikisoma slaidi. Tone la damu, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, kisha jicho. Vimelea vya malaria nilikuwa naviona bila taabu, vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu. Lakini walikuja pia wagonjwa wa namna yako. Wanaingia wameinama, wanashika ukuta, homa imepanda, na slaidi zao nyeupe kabisa. Nikiandika "malaria hakuna" walinitazama kama mtu niliyewaficha jambo, na iliniuma. Nilirudia slaidi, nikabadilisha uwanja mmoja hadi mwingine, mia, mia mbili. Kile kilichowapinda kilikuwamo humo humo kwenye tone la damu, ila kioo changu hakikuweza kukifikia.

Mwambie mwanao alete rula. Milimita moja ukiigawa mara milioni, kila kipande ni nanomita moja. Kirusi cha chikungunya kina upana wa nanomita 70 hivi. Maana yake ungepanga virusi 14,000 kwenye mstari mmoja ndipo mstari ufike milimita. Chembe nyekundu ya damu, ile ndogo niliyozoea kuiona, ina upana wa nanomita zaidi ya 7,000, yaani virusi mia moja vilivyolala ubavu kwa ubavu. Hadubini ya mwanga ya kawaida huishia kwenye nanomita 200 hivi, hata iwe mpya namna gani, kwa sababu chini ya hapo wimbi la mwanga lenyewe ni pana kuliko kitu unachokitafuta. Ilibidi ipatikane hadubini ya elektroni, miaka ya 1930, ndipo binadamu akaona umbo la kirusi.

Sasa umbo lenyewe. Chukua korosho ghafi moja uiweke kiganjani. Ndani kuna kiini, nje kuna ganda. Kirusi nacho, kiwe cha mtu, cha kuku au cha muhogo, kina vitu hivyo viwili daima. Kiini chake ni uzi wa kinasaba: ama DNA, ama RNA, kamwe si vyote viwili kwa pamoja ndani ya kiini kimoja kama maagizo yake. Wewe, mimi, mbuzi, mkorosho, hata bakteria, maagizo yetu yote ya kudumu yameandikwa kwenye DNA. Lakini kuna virusi vinavyothubutu kutunza urithi wao kwenye RNA. Maandishi yenyewe ni ya herufi nne: kwenye DNA ni A, T, G na C, kwenye RNA herufi ya T hupisha U. Kirusi cha chikungunya ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 12,000. Maagizo ya mwili wako wewe ni herufi bilioni tatu.

Herufi 12,000 ni chache mno, na uchache huo ndio unaoeleza ganda lilivyo. Kirusi hakina nafasi ya kuandika maelezo ya ganda moja kubwa la kipekee. Kinaandika kipande kimoja kidogo cha protini, kisha kinakirudia. Mama zetu hawafumi mkeka kwa pigo moja. Wanasuka ukili, wanauzungusha na kuushona hadi mkeka utimie. Ganda la chikungunya ni vipande 240 vya protini ile ile, vimepangwa kwa nidhamu hadi vikafanya kitu cha mviringo chenye nyuso ishirini za pembetatu. Nilipoona picha yake kwa mara ya kwanza, kwenye semina moja, nilikaa kimya muda mrefu. Kitu kilichomtambaza bibi yangu kwenda msalani kilikuwa kizuri kama kazi ya mikono.

Juu ya ganda hilo kuna koti la mafuta. Si virusi vyote vina koti. Hiki kinalo, na hakikulishona. Kinapotoka kwenye seli yako, hujisukuma kwenye ngozi ya seli na kuondoka kimejifunika kipande cha ngozi hiyo. Koti ni lako. Miiba iliyochomekwa juu yake ndiyo yake: miiba 80, kila mmoja umesukwa kwa jozi tatu za protini mbili ziitwazo E1 na E2. E2 hutafuta mahali pa kushika kwenye seli. E1 huunganisha koti la kirusi na ngozi ya kifuko cha seli kilichokimeza, uzi ukamwagika ndani. Kwa sababu koti ni la mafuta, sabuni hulipasua, na kirusi kisicho na miiba yake hakiwezi kuingia popote. Virusi visivyo na koti, kama vya polio na vile vya rota vinavyoharisha watoto, ni vigumu zaidi, na baadhi huvumilia hata spiriti ya mikononi.

Hapo korosho inafika mwisho wake. Korosho ukiifukia mwezi wa kumi na mbili mvua ikanyesha, itaota, maana ndani yake mna seli zilizo hai. Kirusi ukimwagie maji, ukipe sukari, ukiweke juani, hakioti. Hakina hata ribosomu moja, zile mashine ndogo za seli zinazosoma maandishi na kushona protini. Hakili, hakipumui, hakikui. Kina maandishi tu, na kinasubiri msomaji.

Na msomaji ni wewe. Maandishi ya RNA yanayotumwa na seli yako mwenyewe huvaa kofia kichwani na mkia mrefu wa herufi A nyuma, na ribosomu zimezoea kumhudumia aliyevaa hivyo. Uzi wa chikungunya umevaa kofia hiyo hiyo na mkia huo huo. Ukimwagika ndani ya seli, ribosomu zinaupokea kama mwenyeji. Kwanza zinashona mashine ya kunakili uzi. Baadaye zinashona protini za ganda na za miiba, tena haziji moja moja. Hutoka kama mnyororo mmoja mrefu. Umewahi kumwona mchongaji akitoa watu kumi kwenye gogo moja la mpingo? Ndivyo ilivyo. Kipande cha kwanza, protini ya ganda, hujikata chenyewe kutoka kwenye mnyororo. Vilivyobaki hukatwa na mikasi ya seli. Kisha nyuzi mpya na maganda mapya hukutana, na ngozi yako inavaliwa tena.

Mwanao basi yuko sawa, lakini asiishie hapo. Mwaka 1935, Mmarekani Wendell Stanley alikitoa kirusi cha majani ya tumbaku kikakaa kwenye chupa kama fuwele, mithili ya chumvi. Nani angeita chumvi kiumbe hai? Lakini fuwele zile zikipakwa kwenye jani, jani liliugua. Mwaka 1956 wanasayansi wakaenda mbali zaidi: walikivua kirusi hicho ganda lote, wakapaka RNA tupu, na jani likaugua bado, likazaa virusi vyenye ganda. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye maandishi. Ganda ni la safari.

Nisiache jambo moja, kwa sababu wewe ni mtu wa Kitangari na mimi ni mtu wa Newala. Mara kwa mara nasoma kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la kwetu, Kimakonde, linatokana na kungunyala, kujikunja, kupinda. Ugonjwa ulitambuliwa hapa, kwenye uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Mama yangu alikuwa msichana. Alinisimulia kwamba kulikuwa na siku kijijini hapakusikika mtwango hata mmoja. Michi ilisimama vinuni, hakuna mwenye mikono. Maji tuliyafuata bondeni, mwendo mrefu, na maji ya namna hiyo hayamwagwi. Yalitunzwa mitungini ndani ya nyumba, na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, hutaga hapo hapo. Daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden waliandika habari za mlipuko huo mwaka 1955, na mtafiti R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, akakitenga kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya wagonjwa na kwenye mbu. Kirusi cha damu ile bado kinatumika maabara za dunia hadi leo, kinaitwa aina ya Ross. Herufi zake zilisomwa kutoka kwenye mishipa ya wazee wetu. Naona ni haki watoto wa Newala wajue hivyo kabla ya kukariri kingine chochote kuhusu virusi.

Sasa swali lako la mwisho: je, ni vile vile? Hapana. Ni mbali kabisa.

Kirusi cha mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni cha RNA pia, herufi karibu 15,000, kina koti. Lakini uzi wake umeandikwa kinyume. Tazama muhuri wa mpira wa ofisi ya kijiji: herufi zimegeuka, huwezi kuzisoma mpaka ugonge karatasini. Ribosomu za kuku haziwezi kusoma uzi wa mdondo ulivyo. Kwa hiyo kirusi hicho hubeba ndani ya ganda mashine yake ya kunakili, kigonge kwanza, ndipo kisomwe. Chikungunya hakihitaji kubeba mashine, chenyewe kimeshageuzwa. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne, usiiache. Haiponyi kuku aliyekwisha kuugua.

Muhogo wako nao una magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya. Batobato hutokana na virusi vya DNA, uzi mmoja uliofungwa duara. Umbo lake utalipenda: maganda mawili yamegandana kama karanga yenye punje mbili. Na maagizo yake yamegawanywa vipande viwili, kila kimoja herufi 2,700 au 2,800 hivi, kila kimoja ndani ya ganda lake. Kimoja kinajua kunakili na kutengeneza ganda, kingine kinajua kutembea kutoka seli hadi seli. Muhogo hauugui sawasawa mpaka vyote viwili vifike. Michirizi ya kahawia ni kingine: uzi mwembamba mrefu, nanomita 650, wa RNA, herufi karibu 9,000. Huo ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, na pwani yetu hii imeishi nao tangu hapo. Yote mawili hubebwa na nzi weupe na sisi wenyewe tunapogawiana mbegu. Virusi vya mimea kwa kawaida havina koti wala miiba ya kushikia seli. Ukuta wa seli ya mmea ni mgumu, kwa hiyo vinasubiri mdomo wa mdudu utoboe.

SWALI: Bibi, shikamoo. Kwa nini virusi vya RNA hubadilika haraka kuliko vya DNA? Kitabu kimesema tu kwamba hubadilika.
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Lindi Mjini

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ni suala la nani anasahihisha. Seli inaponakili DNA, mashine yake hurudi nyuma, ikaona herufi isiyolingana, ikaing'oa. Tena DNA ina nyuzi mbili, moja ni shahidi wa mwenzake. Mashine nyingi za kunakili RNA hazirudi nyuma. Hukosea takribani herufi moja katika kila 10,000. Chikungunya ana herufi 12,000, kwa hiyo karibu kila nakala mpya ina kosa. Makosa mengi huiua nakala yenyewe au hayafanyi lolote. Moja moja hufungua mlango.

Nikupe mfano ulioanzia pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 chikungunya iliibuka Lamu, ikashuka Mombasa, ikavuka Komoro, na mwaka 2005 hadi 2006 ikaingia kisiwa cha Réunion. Karibu theluthi ya watu wa kisiwa waliugua, zaidi ya 200,000. Wengi walijiuliza imewezekanaje, maana mbu aliyejaa huko si yule wa mitungini kwetu, ni ndugu yake, Aedes albopictus. Walipozisoma herufi za kirusi wakakuta kwenye protini ya mwiba E1, nafasi ya 226, kijenzi cha protini kiitwacho alanini kimegeuka kuwa kingine, valini. Herufi moja tu, C imegeuka U. Kwa badiliko hilo kirusi kilistawi vizuri zaidi ndani ya mbu yule wa pili. Herufi moja kati ya 12,000, nimeirudia mara ngapi kichwani.

Linganisha na ndui. Ni DNA ya nyuzi mbili, herufi karibu 186,000, hubadilika polepole, na chanjo moja ilitosha dunia nzima hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1980 kwamba umetokomezwa. Lakini usiandike kwenye mtihani kwamba kila kirusi cha RNA hakina msahihishaji. Korona wana RNA ndefu, karibu herufi 30,000, nao wanabeba protini ya kusahihisha. Bila hiyo uzi mrefu hivyo ungejaa makosa. Na virusi vya UKIMWI viweke peke yake: vina nakala mbili za RNA, ila vikiingia huandika RNA kuwa DNA, kinyume cha njia ya kawaida, na kuipachika kwenye DNA ya seli. Kimeng'enya kinachofanya hivyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwake, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975 pamoja na Renato Dulbecco. Ndiyo maana dawa za kufubaza hunywewa kila siku: maandishi yamekaa ndani ya maandishi ya mgonjwa.

SWALI: Naweza kula kisamvu cha muhogo wenye batobato? Na kuna mtu ananiuzia antibiotiki nimwagie shambani.
Mzee wa Nanyamba

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kisamvu kula. Kirusi cha muhogo hakina namna ya kushika seli ya mtu, kikifika tumboni kinasagwa kama protini nyingine. Mzizi uliooza kahawia utaukata na kuutupa kwa sababu hauliki, si kwa sababu utakuambukiza.

Antibiotiki usinunue, naomba sana. Nyingi ya dawa zile hupiga ukuta wa bakteria au ribosomu zake. Kirusi hakina ukuta wala ribosomu, dawa haina pa kupiga. Fedha hiyo nenda nayo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, uulize mbegu safi.

Na kabla hujakata pingili za msimu, batobato itafute kwenye majani machanga ya juu, yaliyojikunja na mabaka. Michirizi usiitafute huko. Inama uangalie majani ya chini yaliyokomaa, njano iliyofuata mishipa, kisha shina likiwa bado kijani. Wakati mwingine shina huonekana zima na mizizi imekwisha kuoza, kwa hiyo fukua mmoja, ukate mzizi kwa panga, utazame ndani ni mweupe au una madoa.